Mwendo wa Kupiga Kura na Kutoa Matoleo ya Programu Huria: Mfano wa Kiswahili cha Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Katika sehemu nyingi za mashariki ya Kongo siku za juma huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Siku ya kwanza ni Jumatatu, siku ya pili ni Jumanne, siku ya tatu ni Jumatano, na kuendelea hivyo hadi siku ya posho na siku ya Mungu. Hesabu ya mwambao wa Bahari ya Hindi, ambayo ndiyo ya Kiswahili sanifu, huanzia Jumamosi. Kwa hiyo namba ileile hutaja siku mbili tofauti: anayesema siku ya tatu anakusudia Jumatano, na anayesema Jumatatu anakusudia siku iliyotangulia hiyo kwa siku 2. Hali kadhalika siku ya ine na Jumanne, siku ya tanu na Jumatano. Tofauti ni ya siku 2 kila mara.

Mjini Baraka, na katika wilaya nzima ya Fizi, hesabu hizi mbili hukutana kila siku. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko Kigoma. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu, maelfu ya watu wa Kivu Kusini wameishi Tanzania. Na kuanzia 2005 wengi wao walirudishwa kwa meli kupitia bandari ya Baraka. Walirudi na mizigo yao, na kalenda nyingine vichwani. Wazungumzaji wanapokuwa ana kwa ana mkanganyiko haudumu, maana anayesikia siku ya tatu akatia shaka huuliza, naye hujibiwa. Simu au kompyuta haiulizwi. Inapoonyesha tarehe ya kumrudisha mtoto chanjo, au siku ya kuondoka kwa boti, imekwisha kuamua.

Nani aliyeamua kwa niaba yake, na alipewa muda gani wa kuamua? Makala haya yanalieleza swali hilo kwa kuanzia kwenye utaratibu wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Miongoni mwa watengenezaji wake uko mjadala wa muda mrefu kuhusu mwendo: kura ya kukubali toleo jipya ikae wazi kwa saa ngapi, na matoleo yafuatane kwa kasi gani. Mjadala huo kwa kawaida huendeshwa kama jambo la wahandisi peke yao. Wanaisimu nao wana sehemu yao ndani yake, tena si ndogo.

2.0 Kura na toleo

Kazi ya programu huria haina mwisho. Watu walio katika nchi mbalimbali huongeza, hupunguza na husahihisha kila siku. Toleo ni hatua ambapo kazi hiyo husimamishwa kwa muda, hupewa namba, na kutangazwa kwamba sasa yafaa kutumiwa na watu wengine. Kabla ya tangazo hilo lazima awepo wa kuridhia. Katika miradi mingine huridhia mtu mmoja. Kiini cha Linux, kwa mfano, kiko chini ya Linus Torvalds: hupokea mabadiliko mapya kwa majuma kama mawili, kisha hufunga mlango na kutoa matoleo ya majaribio karibu kila juma, hata toleo kamili likatoka baada ya majuma 9 au 10. Katika miradi mingine hupigwa kura.

Utaratibu wa kura unaojulikana zaidi ni ule wa Apache Software Foundation. Mtayarishaji huweka kifurushi cha toleo mahali pa wazi na kuwaita wenzake wapige kura. Kura ya kukubali huandikwa +1, na ya kukataa -1. Toleo hupita likipata angalau kura 3 za kukubali kutoka kwa wajumbe wa kamati ya mradi, mradi za kukubali ziwe nyingi kuliko za kukataa. Katika jambo hili hakuna kura ya turufu, hivyo mtu mmoja hawezi kulizuia toleo. Aidha, inashauriwa kwamba kura ikae wazi kwa muda usiopungua saa 72. Muda huo umekusudiwa uwatosheleze watu wa mabara yote, wenye nyakati tofauti za usiku na mchana, pamoja na wale ambao siku yao ya mapumziko imeangukia katikati.

Yafaa kusisitiza kwamba kura hii si ya kuinua mkono tu. Mjumbe anayeandika +1 anatarajiwa awe amekipakua kifurushi, amehakiki sahihi yake, ameujenga msimbo katika mashine yake mwenyewe na kuujaribu. Ndiyo kusema saa 72 ni muda wa kufanya kazi, na kazi hiyo inahitaji mashine, umeme na mtandao.

3.0 Kuharakisha na kukawiza

Wanaotetea haraka wana hoja nzito. Programu iliyokaa ghalani haimsaidii mtu, na kosa linalofichika machoni pa waandishi 10 hudhihirika mbele ya watumiaji 10,000. Zaidi ya hayo iko hatari ya usalama. Mfano mzuri unatoka katika programu ambayo wasomi wa Kiswahili wanaifahamu. OpenOffice ndiyo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na Waswidi, na ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Mwaka 2011 kampuni ya Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa Apache. Kufikia wakati huo kundi kubwa la watengenezaji lilikuwa limekwisha kujitenga, mwaka 2010, na kuanzisha LibreOffice. Mikono iliyobaki ilikuwa michache. Toleo 4.1.2 lilitoka Oktoba 2015. Julai 2016 udhaifu wa usalama ukatangazwa hadharani, na toleo la kuuziba halikuwepo. Kiraka cha kubandika kwa mkono kilitolewa Agosti. Toleo kamili, yaani 4.1.3, likasubiri hadi Oktoba. Katika miezi hiyo swali la kuufunga mradi mzima lilijadiliwa waziwazi ndani ya mradi wenyewe. Hapa kukawia hakukuwa uangalifu. Kulikuwa dalili ya uchache wa watu.

Hata hivyo haraka nayo ina gharama yake. Desemba 2021 uligunduliwa udhaifu mkubwa katika Log4j, programu ndogo ya Apache inayotumiwa ndani ya programu nyingine nyingi kuandika kumbukumbu za matukio. Toleo 2.15.0 lililokusudiwa kuuponya halikuuziba wote. Likafuatwa na 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1, yote katika mwezi uleule. Si haki kuwalaumu watengenezaji wake, kwa kuwa moto unapowaka hakuna anayengojea saa 72, na kanuni ya Apache, kwa kuwa ni ya kushauri, inaruhusu muda ufupishwe. Lakini wasimamizi wa mitambo duniani kote walilazimika kuirudia kazi ileile mara nne.

Machi 2024 mambo yalikuwa kinyume. Mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa yametiwa mlango wa siri kwa makusudi. Waliokuwa wamekwisha kuyapokea ni wale wanaokimbilia jipya. Toleo imara la Debian, ambalo husifika na pia huchekwa kwa mwendo wake wa kinyonga, lilisalimika, kwa sababu lilikuwa bado linatumia xz ya zamani.

Debian yenyewe ni somo. Toleo lake 3.0 lilitoka Julai 2002 na 3.1 likatoka Juni 2005, karibu miaka 3 baadaye, kwa kanuni kwamba kitu hutoka kikiwa tayari. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilianza Oktoba 2004 kwa kanuni iliyo kinyume: kila miezi 6, lililo tayari liingie, lisilo tayari lisubiri toleo lijalo. Kanuni hiyo ilivunjwa mapema mara moja, pale toleo lililotarajiwa Aprili 2006 lilipocheleweshwa hadi Juni. Katika utamaduni wa machapisho ya Kiswahili mwendo wa Debian ungeonekana kuwa mbio. Chapa ya kwanza ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981 na ya pili 2004, na katikati ya miaka hiyo 23 hakuna aliyedai kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa imelala.

4.0 Maneno yakiwa ndani ya toleo

Yaliyosemwa hadi hapa yanahusu msimbo. Lakini programu hubeba pia maneno, na maneno hayafuati kanuni za msimbo.

Majina ya siku, miezi, nchi na sarafu yanayoonekana katika simu na kompyuta hayatungwi upya na kila kampuni. Mengi hutoka katika hazina moja ya wazi iitwayo CLDR, iliyo chini ya Unicode Consortium, ambayo Apple, Google, Microsoft na miradi mingi ya programu huria huitumia. Matoleo yake kwa kawaida ni mawili kwa mwaka. Data zake hukusanywa katika kipindi maalumu cha majuma kadhaa: wachangiaji hupendekeza maumbo, hupigia kura maumbo ya wenzao, kisha hufuata kipindi cha uhakiki. Kura hazina uzito sawa. Ile ya mgeni aliyejitolea ina uzito mdogo kuliko ile ya mwakilishi wa taasisi mwanachama.

Katika viwango vya kimataifa Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake wa herufi tatu, swc, na kwa msimbo huo kiliingizwa katika CLDR mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mwaka 2015, katika toleo la 28, jina hilo liliachwa. Data zikawekwa chini ya sw_CD, yaani Kiswahili kama kinavyotumika Kongo. Msomaji wa jarida hili atapendezwa kuona kilichokuwamo. Januari iliitwa mwezi ya kwanja; Mei, mwezi ya tanu; Agosti, mwezi ya munane; Novemba, mwezi ya kumi na moya. Jumapili iliitwa siku ya yenga, na Jumatatu siku ya kwanza. Asubuhi iliandikwa ya asubuyi.

Ni jambo la kusifu kwamba kuna aliyeyaandika. Kwa miaka mingi Kiswahili cha Kongo kilitajwa kama kasoro ya Kiswahili kingine, na mtu wa Fizi hakutazamiwa kuona usemi wa nchini kwake juu ya kioo chochote. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini haisemi ni Kiswahili kipi. Swali lililobaki ni kama maumbo hayo yanaweza kusimama kwa niaba ya Kongo yote. Umbo kwanja, ambamo nz imegeuka nj, ni sifa inayofahamika ya Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho kimechunguzwa mapema kuliko lahaja nyingine za nchi hiyo. Edgar Polomé alikiandikia tangu miaka ya 1960, na Johannes Fabian na Walter Schicho wakafuata. Kiswahili cha Kivu kilichelewa kupata maelezo ya namna hiyo: kitabu cha Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose kilitoka 2016, yaani baada ya data za CLDR kuwa zimekwisha kusambazwa. Ama Kiswahili cha mwambao wa ziwa, kuanzia Uvira hadi Baraka na rasi ya Ubwari, Wakongo wenyewe hukisema kuwa kiko karibu zaidi na kile cha Kigoma. Atamkaye mwezi wa kwanza kwa ukamilifu wake hukuta simu ikimwandikia mwezi ya kwanja, kisha huambiwa kwamba hicho ndicho Kiswahili cha kwao.

Ufupisho ulizidisha tatizo. Katika data hizo siku ya tatu ilifupishwa kuwa tat. Aliyezoea hesabu ya Kongo huisoma Jumatano. Aliyerudi kutoka Kigoma ana kila sababu ya kuisoma Jumatatu, na hakuna kitu katika herufi hizo tatu kinachomwonyesha kwamba amekosea.

Hapa ndipo tofauti kati ya msimbo na neno inapoonekana. Kosa la msimbo hujitangaza: programu huanguka, mtumiaji hulalamika, kiraka hutolewa. Kosa la neno halivunji kitu. Programu huendelea kufanya kazi, mtumiaji hudhani ujinga ni wake, au hugeuza simu iwe ya Kifaransa. Wakati huohuo neno hunakiliwa kutoka hazina hadi mfumo wa simu, na kutoka mfumo hadi programu nyingine, na kila nakala ina ratiba yake ya kutolewa. Simu nyingi zinazofika Baraka zimepita mikononi mwa watu wengine kabla, wala hazipokei tena matoleo mapya. Neno lililosahihishwa mwaka huu huweza kuonekana vilevile lilivyokuwa, kwa miaka mingi, katika kiganja cha mtu asiyejua kwamba limesahihishwa.

5.0 Saa 72 zikihesabiwa kutoka Baraka

Watetezi wa saa 72 husema kwamba muda huo unawahusisha watu wote duniani. Hesabu yao inaangalia saa za dunia tu. Haiangalii umeme wa jua unaotegemea mawingu, wala betri inayopelekwa kuchajiwa kwa jirani, wala milima ya Minembwe ambako mtandao hauna mazoea ya kufika. Mwalimu wa Nundu au Kazimia anayeshuka mjini mara moja kwa juma aweza kukuta kura imefunguliwa na kufungwa kati ya safari zake mbili. Kuna pia vizuizi visivyotokana na umaskini. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti katika nchi nzima, nayo ikarudi baada ya takriban siku 20. Kura yoyote ya saa 72 iliyopigwa katika siku hizo, kuhusu jambo lolote, ilipigwa pasipo Wakongo waliokuwa nchini.

Katika lubunga, baraza la wazee wa Kibembe, aliye mbali husubiriwa ikiwa shauri linamhusu. Utaratibu huo hauwezi kuhamishwa kama ulivyo hadi kwenye mradi wenye wachangiaji wa nchi 40, na anayedhani unaweza hajawahi kusimamia mradi kama huo. Hata hivyo ndani yake mna swali ambalo kanuni ya saa 72 haiulizi: ni nani ambaye shauri hili linamhusu, na je, amepata habari?

6.0 Mwendo upi?

Hoja ya makala haya ni kwamba swali la mwendo limeunganisha mambo mawili ambayo yapaswa kutenganishwa. Kuziba udhaifu wa usalama kunataka haraka, hata saa 72 zikifupishwa. Anayeathirika na udhaifu huo huko Fizi, kama vile mganga anayepeleka takwimu za kila mwezi kwa DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo inayotumiwa na wizara ya afya ya Kongo, hafaidiki chochote na majadiliano marefu. Kinyume chake, kubadili neno ambalo watu wataliona kila siku kwa miaka 10 hakuna dharura yoyote. Neno likikosa toleo hili, litaingia lijalo, na hakuna aliyekufa kwa kusoma Jumatano badala ya siku ya tatu kwa miezi 6 zaidi.

Kwa hiyo mabadiliko ya maneno yasiambatanishwe na kura ya toleo. Yapewe dirisha lake la majuma, kama CLDR inavyofanya, na dirisha hilo lifungwe mapema kabla ya toleo lenyewe. Katika jambo hili ratiba inayojulikana tangu awali ni bora kuliko kanuni ya kutoa kitu kikiwa tayari. Mradi unaotoa toleo ukiwa tayari humwita mchangiaji ghafla. Aliye Berlin huitika jioni ileile, aliye Baraka hupata habari baadaye. Ubuntu yenye miezi yake 6, au LibreOffice yenye desturi ya kutoa matoleo yake makuu Februari na Agosti, humwezesha mtu kupanga safari yake ya mjini. Ndiyo maana haraka yenye kalenda yaweza kumtendea haki mtu wa mbali kuliko ukawizaji usio na kalenda, jambo ambalo wapinzani wa haraka hawapendi kulisikia.

Muda peke yake hautoshi. Dirisha la majuma 6 likifunguliwa bila mtu wa Kivu kujua ni sawa na saa 72, na akijua, kura yake ya ugeni bado ni nyepesi. Vyuo vya mashariki ya Kongo vina wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za kazi zao za mwisho wa masomo. Uchunguzi wa majina ya siku na miezi katika Baraka, Fizi-centre, Lulimba na Kazimia, ukitenganisha waliokaa Tanzania na wasiokaa, hauhitaji fedha nyingi na ungejibu swali ambalo wapiga kura wa mbali wamekuwa wakilijibu kwa kukisia. Hauna budi kuonyesha pia kama msimbo mmoja wa sw_CD unatosha, au kama inafaa majina ya Kiswahili sanifu yatumike kwa wote, na ya kienyeji yawe chaguo la hiari kwa anayeyataka. Kwa siku za juma hasa, jibu la pili lina uzito: Jumatano haina maana mbili popote, na siku ya tatu inazo. Kwa miezi hakuna hatari kama hiyo, kwani mwezi wa tano na mwezi ya tanu ni mwezi mmoja, hivyo usemi wa wenyeji waweza kuachwa utawale. Ufupisho tat uondolewe kila mahali ulipo, bila kungoja utafiti wowote.